Kiwanja ni Chetu, Hati ni ya Nani?

Huku kaskazini mwa Pemba kandanda lina saa zake, kati ya alasiri na magharibi, na saa hizo hulindwa kuliko miadi yoyote. Vijana wamesharudi baharini, wengine wametoka kupasua mawe, wengine wametupa mikoba ya skuli mlangoni na kupita moja kwa moja. Kiwanja ni cha kijiji. Njia ya miguu inakatiza kwenye kona, na mama mwenye furushi la mwani kichwani akitaka kupita, mpira husimama mpaka avuke, wala hakuna anayelalamika. Magoli ni miti. Mistari, siku ya mechi kubwa, huchorwa kwa chokaa au majivu. Watazamaji wenyewe ndio ukuta: wamejipanga ukingoni bega kwa bega, na winga akiteleza huwaangukia miguuni.

Nimesimama kwenye kingo za viwanja vya namna hii katika Wilaya ya Micheweni, na swali langu limekuwa lile lile: kiwanja hiki ni cha nani? Mmoja hujibu ni cha kijiji. Wa pili, ni cha timu. Wa tatu humkumbuka mzee aliyewaruhusu vijana wafyeke vichaka, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Wa nne husema ardhi yote ni ya Serikali. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na hapo ndipo penye hofu yangu. Kiwanja chenye wenyewe wanne na kisicho na hata karatasi moja kitakosa wa kukisemea siku atakapokuja mtu na ramani yake mkononi.

Naliandika jambo hili wakati klabu nyingi nchini zinazungumza kujenga viwanja vyao wenyewe, na Pemba nayo imekwisha kuonja raha ya uwanja mzuri. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa Gombani, Chake Chake, likashindaniwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes ikalitwaa kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2-1. Mwaka mmoja kabla, Desemba 2023, Uwanja wa Amaan kule Unguja ulifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa. Mei 2025 ukapokea mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco, na Agosti mwaka huo huo zikaja mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao. Mzanzibari aliyezoea kusikia fainali za Afrika redioni aliziona kwa macho yake.

Amaan na Gombani ni viwanja vya Serikali, na ni fahari yetu sote. Kama Serikali itaendelea kuvijenga vingine hadi ngazi ya wilaya, na ijenge, tutapiga makofi. Lakini klabu ya kijiji haichezi Gombani kila Jumamosi. Inacheza nyumbani, na inafanya mazoezi nyumbani siku 5 za wiki. Uwanja ninaouzungumzia ni huo wa nyumbani, ambao klabu inaweza kusema ni wake na ikaulizwa ushahidi ikautoa.

Tuanze na wakubwa, maana makosa yao yanaonekana kwa urahisi zaidi.

Yanga ilizaliwa mwaka 1935. Makao yake makuu yapo Jangwani, Dar es Salaam, na Wanayanga wa zamani husimulia mpaka leo jinsi Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alivyowasaidia kulipata jengo lile. Pembeni yake kuna kiwanja kilichopewa jina la Kenneth Kaunda wa Zambia. Kwa hiyo klabu hii ilikuwa na ardhi, ilikuwa na jengo, na ilikuwa na mamilioni ya wapenzi, tangu miaka ambayo wengi wetu hatujazaliwa. Lakini Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi. Masika yakishuka, mto hupanda na kuingia uwanjani, ukiondoka huacha tope. Miaka ya 2012 na 2013 klabu ilizungumza na Beijing Construction Engineering Group, kampuni iliyojenga Uwanja wa Taifa wa watu 60,000 uliofunguliwa 2007 na ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Michoro ikaonyeshwa, wanachama wakaifurahia. Eneo likawa finyu, maji yakabaki pale pale, na uongozi ulioshika usukani mwaka 2022 chini ya Injinia Hersi Said ukalikuta deni la ndoto ile bado halijalipwa. Nayataja haya kwa heshima ya klabu kubwa. Mwenye kujenga lazima aitazame ardhi yake wakati wa mvua kubwa, asiitazame kiangazi tu.

Simba, iliyoanza 1936, ilikwenda nje ya mji na kupata eneo Bunju. Nyasi bandia zilipoagizwa zilikwama bandarini kwa muda mrefu kwa mambo ya kodi, na wapenzi wakawa wanauliza kila mkutano ziko wapi. Mwishoni mwa 2019 viwanja vya mazoezi vikafunguliwa. Ni hatua njema, lakini mazoezi ni mazoezi. Mechi za ushindani klabu bado inazipeleka kwenye viwanja vya watu wengine.

Azam FC ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Said Salim Bakhresa, ambaye ni mtoto wa Zanzibar. Ilipanda Ligi Kuu 2008, na haikungoja kuwa kongwe ndipo ijenge. Ilikwenda Chamazi, pembezoni mwa Mbagala, mahali ambapo wakati ule watu walipaona ni porini, ikapata eneo kubwa, ikaweka kiwanja, majukwaa ya watu wapatao 10,000, mabweni ya vijana na vyumba vya mazoezi. Msimu wa 2013/14 ikawa bingwa bila kupoteza mchezo. Wale wakongwe wenye wapenzi kila kona wamekuwa wakikodi kwake. Utasema Azam ina fedha, na ni kweli. Lakini fedha peke yake ingeweza kununua wachezaji tu, kama ilivyofanywa na matajiri wengi kabla yake, na wakiondoka hao matajiri timu ikafa. Hapa ardhi ilitangulia, na ndiyo maana leo kuna kitu cha kuonyesha.

Kuna mfano mwingine ambao haupendezi kuutaja katika baadhi ya vikao, nami nautaja kwa sababu unatuhusu kuliko yote. Tazama viwanja vya Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Majimaji ya Songea, Mkwakwani ya Tanga, Sheikh Amri Abeid ya Arusha. Wakati wa chama kimoja wananchi walichanga fedha na nguvu katika ujenzi wa viwanja vya mikoa yao, na hakuna aliyeuliza hati itaandikwa jina gani, kwa sababu chama kilikuwa kimoja na wote walihesabiwa ndani yake. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, viwanja vilibaki mali ya chama hicho, CCM. Kisheria hakuna kilichoharibika, maana mmiliki ni aliyeandikwa. Lakini klabu za mikoa hiyo mpaka leo ni wapangaji mahali ambapo babu za wachezaji wao walibeba mawe. Mjadala wa nani ni mwenyewe hasa hauishi, na hautaisha, kwa kuwa swali lililopaswa kuulizwa siku ya jiwe la msingi lilikuja kuulizwa baada ya kizazi kizima.

Sasa turudi Micheweni.

Hii ni wilaya ya watu 103,816 kwa sensa ya 2012, na tangu hapo wameongezeka. Takwimu za hali ya maisha zimekuwa zikiitaja mara kwa mara miongoni mwa wilaya maskini zaidi za Zanzibar, na mtu akisikia hivyo hudhani hapana kitu. Lakini kuna bahari ya Tumbe na soko lake la samaki, kuna msitu wa Ngezi, kuna karafuu upande wa Konde, kuna mwani unaolimwa na kinamama. Sehemu kubwa ya upande wa mashariki ni uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba, ambapo jembe hulia kabla halijazama. Mkulima huuonea uchungu uwanda. Mjenzi wa kiwanja anaweza kuuangalia kwa jicho jingine: maji hayasimami juu ya matumbawe, yananyonywa chini, na mchezo unaweza kuanza muda mfupi baada ya mvua. Mawe ya msingi yapo pale pale, na mafundi wa kuyapasua ni wenyeji. Kinachokosekana ni udongo wa kutandaza juu na maji ya kumwagilia nyasi, na haya mawili si madogo. Kijiji kinachong'ang'ania mfereji wa maji ya kunywa hakiwezi kuambiwa kwanza kimwagilie mpira. Ndiyo maana nasema nyasi zingoje. Watoto wa Micheweni wamecheza juu ya changarawe miaka yote, watavumilia misimu michache zaidi wakijua chini ya miguu yao pana hati.

Kuhusu ukubwa, hesabu ni nyepesi na inafaa kila kiongozi wa timu aijue. Kiwanja cha kiwango cha kimataifa ni mita 105 kwa 68. Ukiacha mita 5 kila upande kwa usalama wa wachezaji na njia ya mshika kibendera, unahitaji mita 115 kwa 78, sawa na mita za mraba 8,970. Eka tatu, kipimo ambacho kila Mzanzibari amekulia akikisikia tangu wananchi walipogawiwa mashamba baada ya Mapinduzi ya 1964, ni kama mita za mraba 12,140. Maana yake ndani ya eka tatu unaingia uwanja kamili, na zinabaki zaidi ya mita 3,000 za vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo, kisima na ngazi chache za kukalia. Haki ambayo familia moja iliweza kupewa inatosha kulea mpira wa shehia nzima.

Sheria nayo haijafunga mlango. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na sheria ya mwaka 1992 inampa mtu au taasisi haki ya matumizi kwa masharti. Klabu iliyosajiliwa ni taasisi. Tatizo ni kwamba klabu nyingi za vijijini zinajulikana na kila mtu isipokuwa na faili. Zina jina, zina jezi, zina katibu mwenye daftari la madeni ya nauli, lakini usajili umepitwa na wakati au katiba ipo kwa mtu aliyehamia Unguja. Klabu ya namna hiyo haiwezi kuandikiwa ardhi hata Serikali ikitaka kuipa. Kwa hiyo safari ya kwenda kwenye uwanja mpya inaanzia mezani, kwenye usajili uliohuishwa na wadhamini waliotajwa kwa majina, kisha kwa sheha, kisha kwa mpima ardhi, ndipo Kamisheni ya Ardhi. Safari hii haina shangwe, hakuna anayepiga ngoma kwa sababu ya ramani. Nadhani ndiyo maana viongozi wengi huiruka na kukimbilia kuahidi jukwaa.

Kuna wazo jingine ninaloliweka mbele ya masheikh na wanasheria wetu walitazame, maana mimi si mwanachuoni. Sisi tuna utamaduni wa wakfu. Misikiti, visima na nyumba zimewekwa wakfu na wazee wetu, na ipo kamisheni ya Serikali inayosimamia mali hizo. Mwenye shamba asiyetaka ardhi yake igombaniwe baada yake, je, anaweza kuiweka wakfu kwa ajili ya malezi ya vijana, michezo ikiwa ndani yake? Ikiwa jibu ni ndiyo, viwanja vingapi vingeokoka mikononi mwa warithi wanaohitaji fedha?

Baada ya karatasi ndipo ukuta. Nausisitiza ukuta kuliko jukwaa kwa sababu ya kiingilio. Timu ya kijiji inaweza kukusanya umati siku ya mechi ya watani, na isipate hata shilingi, kwa kuwa mahali pasipo mlango hapana tiketi. Huzungushwa kofia wakati wa mapumziko, ikirudi ina nauli ya waamuzi tu. Ukuta unaozunguka zile mita 115 kwa 78 una urefu wa mita 386. Wakijitokeza watu 193, kila mmoja akachukua dhamana ya mita 2, umekwisha. Mahali ambapo mawe yako chini ya miguu, mita 2 kwa mtu si jambo la kutisha.

Wala kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Skuli ngapi za Pemba zimeanza kwa wananchi kuchimba msingi, kufyatua matofali na kunyanyua kuta hadi usawa wa linta, kisha Serikali ikaja kuezeka? Utaratibu huo tunaujua kwa mikono yetu. Ninachoomba ni kuuhamisha kutoka skuli hadi kiwanjani, bila kuipunja skuli.

Hata Ulaya, ambako tunadhani kila kitu ni fedha, wako waliofanya hivyo. Union Berlin ya Ujerumani ilikuwa klabu ya daraja la chini yenye majukwaa yaliyochakaa na kasha tupu. Kati ya 2008 na 2009 wapenzi wake zaidi ya 2,000, wakiwemo mafundi, wauguzi na wasio na ajira, walifanya kazi ya kujitolea kwa saa 140,000 hivi, wakayajenga upya majukwaa yao. Mwaka 2011 wakauziwa hisa za uwanja kwa euro 500 kila moja. Ardhi walikuwa nayo kwa haki ya muda mrefu waliyokubaliana na jiji. Mwaka 2019 klabu ile ikapanda Bundesliga, na 2023 ikacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sisemi Micheweni itacheza na Real Madrid. Nasema waliobeba zege walikuwa watu wa kawaida, na jina lililoandikwa halikuwa la mfadhili.

Jina la mfadhili lina faida yake, nisiwe mkaidi. Ruangwa, wilaya ya Lindi ambayo wengi hawakuijua kimpira, ilipata uwanja unaoitwa kwa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wao na Waziri Mkuu. Wachezaji wa klabu yake, Namungo, wakapanda Ligi Kuu, na msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho, ingawa michezo ya Afrika walilazimika kuichezea Dar es Salaam. Ruangwa inatuonyesha kwamba udogo wa mji si hoja. Lakini si kila wilaya inamzaa Waziri Mkuu, na Micheweni haiwezi kukaa kibarazani ikimsubiri wake.

Upande wetu wa visiwani, orodha ya mabingwa wa miaka ya karibuni imetawaliwa na KMKM, JKU, Mafunzo na Zimamoto, timu za vikosi ambazo mchezaji wake ana mshahara na ana pahali pa kufanyia mazoezi. Klabu ya Jamhuri ya Pemba ilitwaa ubingwa wa Zanzibar mwaka 2003, kwa hiyo mtu asituambie kisiwa hiki hakina miguu. Kijana mwenye kipaji Micheweni anapokwenda Unguja kujiunga na kikosi, hatumlaumu, anatafuta maisha. Klabu yake ya nyumbani haina cha kumzuia nacho wala cha kumdai anapoondoka.

Fedha zitatoka wapi? Tukiwa na wanachama 500 wa kweli, kila mmoja akatoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni shilingi milioni 1 kwa mwezi na milioni 12 kwa mwaka. Hazijengi jukwaa. Zinalipa upimaji, zinanunua saruji, zinamlipa fundi, na zaidi ya hayo zinamfanya mfadhili akija akute kitabu cha hesabu kinachosomeka. Michango yetu mingi hufia hapo: si kwamba watu hawatoi, ila waliotoa mara ya kwanza hawakusomewa hesabu, na mara ya pili wakafunga mikono. Kila mwisho wa mwezi mapato na matumizi yabandikwe mahali pa wazi. Klabu isiyoweza kufanya hivyo kwa shilingi milioni 12 isikabidhiwe milioni 100.

Na ukuta ukisimama, watoto wa kike wapewe siku zao ndani yake. Wazazi wengi wa huku hawana ugomvi na mpira, ugomvi wao ni na uwazi wa kiwanja cha njiani.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa watu watatu. Katibu wa klabu: tafuta katiba ilipo, huisha usajili, andika barua kwa sheha wiki hii. Sheha: kabla hujapeleka majina ya waombaji wapya wa viwanja vya nyumba, hakikisha kiwanja cha mpira kimo kwenye ramani kama kiwanja cha mpira. Na wewe mtoto wa Micheweni uliye Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au London, ambaye kila Sikukuu hutuma jezi na mipira: mwaka huu usitume jezi. Lipa mpima ardhi.